Siku Somo Alipopanda Mlimani

Hakuna binti wa Buyenzi, mtaa wetu wa Waswahili mjini Bujumbura, wa rika langu aliyeolewa bila kupita mikononi mwake. Tulimwita Somo, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: msichana akishachumbiwa alipelekwa kwake akafundwe, naye alimweka chumbani pamoja na udi, karafuu na maneno, akamtoa akiwa tayari kuwa mke wa mtu. Alikuwa na jina lake la Kiislamu, na msikitini walilijua. Sisi hatukulitumia. Jina lake jingine nililisikia mara moja tu, likitamkwa na mtu mwingine, na sitaliandika hapa kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kunipa.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, aliyetembea kana kwamba amebeba kitu kichwani hata akiwa mikono mitupu. "Mwanamke hapigi hatua," alituambia sisi wasichana, "anaiweka." Ua wake ulifagiliwa kabla ya adhana ya alfajiri. Alidai kwamba anaweza kuijua nyumba yenye ugomvi kwa harufu tu, kwa sababu watu wenye hasira husahau kufungua madirisha. Misemo yake yote ilikuwa ya namna hiyo, nusu mzaha, nusu sheria. "Sauti yako iishie uani." "Mama mkwe hapikiwi chakula kizuri, hupikiwa chakula cha wakati." Nadhani mingi aliitunga mwenyewe, na mimi bado naitumia kwa wajukuu zangu kana kwamba ni ya wahenga.

Wanaume walimwogopa kidogo. Kuna fundi gari mmoja wa mtaa wetu aliyempiga mkewe, bibi harusi wa miezi michache tu. Asubuhi yake Somo alichukua kigoda chake, akaenda kukaa mlangoni kwa yule fundi. Hakubisha hodi wala hakusema neno. Wapita njia walimsalimu, akaitikia, akaendelea kukaa. Jua likampata, akasogeza kigoda, akakaa. Mchana fundi akashindwa, akatoka. "Mama, umefuata nini kwangu?" Somo akamjibu kwa upole: "Nilimfunda yeye, wewe sikukufunda. Kosa ni langu. Nimekuja kulirekebisha." Watu walicheka, lakini fundi hakucheka, na mkono wake haukuinuka tena.

Jambo lililomkera kuliko yote ni Kiswahili chetu. Sisi watoto tulisema cha Buyenzi, chenye Kifaransa cha shule, Kirundi cha soko na maneno yaliyovuka ziwa kutoka Uvira. Somo alisema cha Ujiji. Nikitumwa kwake nilijua kitakachonipata.

"Somo, kuna mutu anakuita."

"Nani?"

"Mutu."

"Mtu. Funga mdomo kwanza, halafu useme. Mtu."

"Mtu."

"Anataka nini?"

"Apana, mi sijui."

"Hapana. Ina haa mbele. Unamwachia nani hiyo haa?"

Ujiji aliitaja kama wengine wanavyoitaja Makka. Hata baada ya Uhuru, mji ulipoitwa Bujumbura, yeye aliendelea kusema Usumbura, kwa sababu, alisema, ndivyo watu wa Ujiji walivyouita walipokuja. Bibi yangu mzaa baba ndiye hasa aliyezaliwa Ujiji, na kwa ajili hiyo wawili hao walishikana kama pete na kidole. Kila baada ya sala ya alasiri walikaa kwenye mkeka uani kwetu na kahawa chungu, Bibi akisimulia mitaa ya kwao, misikiti, watu waliokwisha kufa, na Somo akiitikia: "Ee, dada. Ndivyo. Ndivyo." Nikikumbuka leo, Bibi ndiye aliyesimulia na Somo ndiye aliyeitikia. Sikumbuki hata alasiri moja ambapo mambo yalikuwa kinyume.

Watu wa milimani aliwadharau waziwazi. Wanawake waliteremka kutoka juu na vikapu vya maharagwe na ndizi, na siagi iliyofungwa majanini, wakapita nyumba kwa nyumba. "Wananuka moshi na maziwa," Somo alisema, akijifunika pua kwa upindo wa kanga. Hakuwahi kusema nao Kirundi. Aliwaonyesha anachotaka kwa kidole, akasema Kiswahili chake polepole, nao wakabaki wanamtazama. Mama yangu, mzaliwa wa Uvira aliyejifunza Kirundi sokoni kwa mwaka mmoja, alishangaa.

"Somo, miaka yote hii, hata kidogo?"

"Masikio yangu hayakukishika, mwanangu."

Lakini hakuwahi kuwapunja wanawake hao, na kabla hawajaondoka aliwapa maji ya kunywa katika bilauri zake za wageni, zile ambazo sisi tulikatazwa kuzigusa. Na siku moja mmoja wao alijikwaa kizingitini, kikapu kikapinduka, naye akanong'ona jambo akiokota maharagwe. Somo aliangua kicheko. Kisha akasimama ghafla, akaingia ndani. Mama akanitafsiria baadaye: yule mwanamke alisema maharagwe haya yamechoka kutembea, yameamua kulala hapahapa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo watoto hatukulijua. Nyumba aliyokaa ilikuwa ya marehemu mumewe, na mumewe alitoka katika ukoo wa Kimanyema wa Ujiji uliojivunia sana asili yake. Hawakujaliwa mtoto. Mume alipofariki, mashemeji wangeweza kumtoa, na wapo waliotaka. Walimwachia kwa sababu alikuwa mtu wa kwao, mtu wa Ujiji. Mjane wa kuokotwa hangeachiwa nyumba. Hilo nililielewa nilipokuwa mtu mzima, na lilinisaidia kuelewa mengine.

Siku ninayotaka kuisimulia ilianzia kwenye redio. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, mfalme bado yupo, na nchi ilikuwa na hamu ya kujitazama. Redio ikatangaza kwamba kule juu, upande wa Gitega, kutakuwa na siku ya kuonyesha maisha ya kale ya Burundi, kwa ngoma, ufundi wa chuma, nyumba na vyakula, na watu wote wanakaribishwa na familia zao. Baba alikuwa dereva wa Mgiriki mmoja mnunuzi wa kahawa. Aliomba lori kwa Jumapili ile, akapewa. Sisi watoto tulishindwa kulala kwa furaha. Tulikuwa hatujawahi kwenda mahali popote kwa ajili ya kutazama tu.

Bibi akasema haendi bila mwenzake. Somo akakataa.

"Nikatazame nini, dada? Nyumba za nyasi?"

"Tukapate baridi kidogo. Joto la hapa litatuua."

"Nendeni nyinyi. Mtanisimulia."

Alikataa siku zote za wiki ile. Jumapili asubuhi, Baba akiwa amekwisha kuwasha lori, tulimwona anakuja barabarani amevaa kanga mpya kabisa, ushungi umekazwa, bangili mikono yote miwili, kana kwamba anakwenda harusini. Hakutoa sababu. Akapanda mbele na Bibi.

Mama, mimi na wadogo zangu wawili tulikaa nyuma, juu ya magodoro, na sufuria ya pilau imefungwa kwa kitambaa katikati yetu. Barabara ilipanda, ikapinda, ikapanda. Ziwa likashuka nyuma yetu mpaka likawa kama kipande cha bati. Kule juu Bugarama tukaingia katika ukungu, na mdogo wangu akauliza kama tumefika mbinguni. Baba alitusimulia baadaye kwamba kuanzia hapo Somo hakusema kitu, isipokuwa mara moja. "Punguza," alimwambia, "hapo mbele pana kona mbaya." Baba hakuona kona yoyote, ukungu ulikuwa mzito, lakini alipunguza, na kona ikatokea.

"Mama, we ulishapita hii njia?"

"Nimesikia inasemwa," Somo alijibu.

Mahali penyewe palikuwa juu ya kilima kipana. Wakubwa wa serikali walikuwa wamejengesha boma la matete, na ndani yake nyumba za mviringo za nyasi, mpya, zikinukia kama shamba baada ya mvua. Wahunzi walivukuta mivukuto. Wazee walipiga magome ya miti mpaka yakawa nguo. Katikati walisimama wapiga ngoma, na walipoanza, niliisikia ngoma kwenye meno kabla sijaisikia masikioni. Mdogo wangu alilia kwa hofu, halafu akakataa kuondoka.

Wazee na akina mama walikuwa wametolewa katika vilima vya jirani, wakaambiwa wakae wafanye yale wanayoyajua, na sisi wa mjini tupite tukiwatazama. Wazungu walikuwa na kamera. Bwana mmoja mwenye tai alieleza kwa Kifaransa, kisha kwa Kirundi, kwamba hivi ndivyo walivyoishi wazee wetu zamani. Mwanamke aliyekuwa akisaga mtama kwenye jiwe alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Hiyo zamani iliyosemwa, kwake ilikuwa jana asubuhi.

Kwa sababu ya msongamano Mama aliniambia nishike kanga ya Somo nisipotee. Ndiyo maana niliona yote.

Somo alikuwa akipita haraka kidogo kuliko kawaida yake, bila kutazama kushoto wala kulia. Mbele ya nyumba ya mwisho akasimama. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi mkekani, nywele zimenyolewa karibu na ngozi, nguo imefungwa begani, akitikisa kibuyu kikubwa cha maziwa ili kutoa siagi. Kibuyu kilikaa juu ya ngata ya majani, kikienda na kurudi, na sauti ya maziwa ndani yake ilikuwa kama mtu anayenywa kwa pupa. Tulisimama pale muda mrefu. Nilivuta kanga, Somo hakusikia.

Ngata ikateleza. Kibuyu kikaanza kuinama. Somo akainama, akaisukuma ngata ikarudi chini ya kibuyu, akaizungusha fundo likaangalia chini. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, na aliifanya kama mtu anavyomfuta mtoto kamasi, bila kufikiri. Yule mwanamke alisema neno la asante bila kuinua uso. Kisha akauona ule mkono. Akaufuata kwa macho kutoka vidoleni, akapita bangili, akapanda mpaka usoni.

Akatamka jina. Alilitamka taratibu, kama anayejaribu chakula cha moto. Halafu akauliza:

"Ni wewe?"

Maneno hayo ni yaleyale kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Nilihisi kanga imekazana mkononi mwangu. Somo alikuwa amesimama wima. Bibi na Mama walikuwa wametufikia kwa nyuma, na Bibi akauliza, "Anasema nini huyu?"

"Amenifananisha," Somo alisema. Kisha akamgeukia yule mwanamke, akamwambia kwa Kiswahili chake cha Ujiji, kila herufi mahali pake: "Umenifananisha, mama. Mimi ni mtu wa Ujiji."

Yule mwanamke alianza kusema kwa haraka, mkono mmoja kifuani, mwingine ukionyesha bonde lililokuwa chini yetu. Mama alisikiliza, akasogea karibu na Somo, akashusha sauti.

"Somo, anasema we ni mudogo wake. Anasema ulipotea wakati wa njaa. Anasema mama yenu angali muzima, iko hapo chini tu, kwenye ile migomba."

"Mwambie amekosea."

"Mi naona ungemuangalia kidogo kwanza..."

"Mwambie."

Mama akasema kitu kifupi kwa Kirundi. Yule mwanamke alimtazama Somo, akatazama ushungi, mkufu, bangili, akamtazama tena usoni. Alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyemsalimu mgeni kwa makosa. Yule bwana mwenye tai alikuwa anakuja na wageni wengine. Mwanamke akakishika kibuyu chake, akaanza tena kukitikisa, na bwana akaeleza jinsi siagi ilivyotengenezwa zamani.

Tulikula pilau kwenye majani, mbali kidogo na ngoma. Somo alimpakulia kila mtu, akagawa maji, akafuta midomo ya wadogo zangu, na yeye mwenyewe hakula. Ndipo Bibi akasema, huku akitafuna, "Watu wa milimani bwana! Kila apitaye ni ndugu yao." Somo alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kama kikohozi. Baba, ambaye hakuona lolote, akacheka pia, na mambo yakaishia hapo.

Hayakuishia. Kila kiangazi tangu mwaka ule Somo alitangaza kwamba atasafiri. "Nataka kwenda Gitega kutembea," alimwambia Bibi. "Nasikia hewa yake ni nzuri kwa kifua." Alinunua kanga za zawadi na chumvi, akafunga mzigo, akaomba Baba amwulizie gari la kahawa. Gari likipatikana, mguu ulimuuma. Mwaka mwingine bibi harusi fulani hakuweza kungoja. Mwaka mwingine shemeji yake mkubwa alikuwa mgonjwa, na haikufaa watu waulize amekwenda wapi. Mzigo ulifunguliwa, kanga akapewa mtu mwingine. Wanawake wa milimani waliendelea kupita mlangoni kwake, na sasa aliwatazama usoni mmoja mmoja kabla ya kutazama vikapu.

Nilichumbiwa na kijana wa Kigoma, ikawa zamu yangu ya kuingia chumbani kwa Somo. Alinifunda yote aliyowafunda wenzangu, kwa ukali uleule. Siku ya mwisho nilingoja kusikia neno kubwa, maana walionitangulia walisema hulificha mpaka mwisho. Alikuwa akinifukiza nywele udi. Akaniambia, "Ukifika kwa watu, tuma salamu kwenu. Usingoje uwe na kitu cha kutuma nazo." Nilidhani atacheka au ataongeza jambo. Akaendelea kunifukiza.

Wiki hiyohiyo Bibi, ambaye alikuwa ameanza kudhoofika, aliniita nimkande miguu. Nikamwuliza jambo nililokuwa nalo tangu utotoni: kama yule mwanamke wa kibuyu alikosea kweli.

"Hakukosea," Bibi alisema.

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua tangu mwaka wa kwanza. Nilimtajia mtaa wa Ujiji usiokuwepo, akaniambia anaukumbuka vizuri." Bibi alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Mimi ilinihusu nini? Nilikuwa nimepata mdogo wangu. Na siku ile kule juu nilimwona anatafuta mlango wa kutokea, nikamfungulia. Nikasema yale maneno ya kipumbavu ili watu wacheke. Huenda nilimfungulia mlango usiofaa. Ningekaa kimya, pengine angerudi pale mkekani."

"Kwa nini hukumwambia kwamba unajua?"

"Ningemwambiaje? Siri ya mtu ni nguo yake. Utamvua barabarani umwambie nakupenda hivyohivyo?"

Niliolewa, nikavuka kwenda Kigoma. Bibi alifariki na sikumwahi. Kisha ukaja mwaka wa sabini na mbili. Aliyekuwepo anaujua, na asiyekuwepo ameambiwa kwa sauti ya chini. Barabara zilijaa vizuizi, watu walipandishwa malori wasirudi, na kwa muda mrefu asiyekuwa na lazima ya kupanda mlimani hakupanda. Kutoka ng'ambo ile tuliona wanaokimbia wakiwasili na vyungu na watoto, na mara nyingi niliwatazama akina mama wenye umri wa yule mwanamke, nikijidanganya kwamba ningemtambua.

Miaka michache baadaye nilirudi Bujumbura kumwonyesha Mama mwanangu wa kwanza. Siku ya pili nikaenda kwa Somo. Nilimkuta uani, ameketi kigodani jua la asubuhi likimwangukia miguuni. Majani ya mpapai yalikuwa yametapakaa chini, hayajafagiliwa. Mama alikuwa ameniambia kwamba siku hizi hafundi tena. Akiletewa mwari husema amesahau.

Aliupokea mkono wangu, akambusu mtoto, akamkalisha mapajani.

"Mutoto mzuri huyu," alisema. "Mutoto wa kiume?"

Nilingoja ajisahihishe. Hakujisahihisha, na sidhani kama alijisikia.

Tulizungumza habari za Kigoma, za mume wangu, za bei ya ndagala, wale dagaa wa ziwani. Kisha, bila kunitazama, akauliza:

"Bibi yako alijua?"

Sikujifanya sikuelewa. "Alijua. Tangu mwaka wa kwanza."

Midomo yake ilitikisika, nikadhani analia, lakini alikuwa anacheka, kicheko kisicho na sauti, mpaka machozi yakatoka kweli. "Dada yule," alisema. "Nami nilikuwa namuogopa yeye kuliko wote."

Ndipo aliponiambia kwamba alikwenda. Ilikuwa mwaka uliotangulia, mvua zilipokwisha. Shemeji wa mwisho alikuwa amekufa, hakubaki mtu wa kumtoa nyumbani, na alijikuta hana tena kisingizio. Alipanda gari la kahawa, akashuka njiani, akaenda kwa miguu. Aliuliza njia kwa Kirundi. Alisema kilitoka chenyewe, cha kitoto, maneno ya msichana wa umri ule aliotoka nao, na watu walimtazama kwa mshangao: bibi kizee anayesema kama binti.

Dada yake alikuwa amefariki. Si katika ule mwaka mbaya, huo aliuvuka. Homa tu, msimu wa mvua uliokuwa umetoka kupita. Mama yao alikuwa ametangulia zamani, miaka miwili baada ya siku ile ya maonyesho.

"Ningekuwa na mtu wa kumlaumu ingekuwa afadhali," Somo alisema. "Bunduki, au serikali, au barabara. Kumbe homa."

Alifika kwenye ule uzio wa migomba, akasimama nje. Alijua watu wa kwao wameambiwa jinsi alivyomkana dada yake. Dada alirudi nyumbani siku ile, na asingeweza kulinyamazia jambo kama lile. Watamtemea mate, aliwaza, na ni haki yao. Binti mmoja akatoka kuchota maji, akamwona, akamwuliza ni nani. Somo akalitaja jina lake, lile lile la kwao. Binti akaangusha mtungi, akakimbia ndani akipiga vigelegele.

"Wakatoka wote," Somo aliniambia. "Watoto wa dada yangu, wajukuu, mke wa kaka yangu. Wakanishika huku na huku. Wakasema, ndiye wewe uliyemkumbatia dada yako siku ile ya ngoma! Ndiye wewe uliyelia mpaka wazungu wakaacha kupiga picha! Ndiye wewe uliyemtumia bibi salamu asife kabla hujaja!"

Mwanangu alikuwa akichezea bangili zake. Alimwachia azivute.

"Hivyo ndivyo alivyowaambia?" niliuliza.

"Alirudi akawaambia hivyo. Mama akamwuliza nilivaa nini, nimenenepa au nimekonda, nina watoto wangapi. Yote akamjibu. Watoto akanipa, alisema nina watatu. Mama yangu alikufa akiwa amepata salamu zangu, na mimi sikuzituma." Alivuta pumzi. "Watoto wa pale wanaijua habari hiyo neno kwa neno."

"Nawe ukawaambia nini?"

"Wakanitandikia mkeka. Wakaleta maziwa. Halafu mkubwa wao akasema, mama yetu alikuwa akitusimulia siku hiyo kila mwaka, sasa hayupo, tusimulie wewe. Wakakaa chini. Wote."

Alimsogeza mtoto kwenye goti jingine.

"Nikasimulia. Nikaanza pale aliponiita jina. Nikasema niliinama, nikamshika mkono, nikalia. Wakanikosoa. Yule msichana wa mtungi akasema, apana, mama alisema ulimshika yote mbili."

"Ukasemaje?"

"Nikasema kweli. Yote miwili."